Daktari Aliyerudi Gulu



Ukurasa huu umezoea masahaba na maulamaa, na safari hii ilikuwa zamu ya Rufaida al-Aslamiyya, mama wa Madina aliyewatibu majeruhi wa vita katika hema lake. Huyo nimemweka kwa toleo lijalo, in shaa Allah. Leo nawaletea daktari wa Uganda, Mkristo, aliyefariki mwaka 2000, wakati wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Atakayeuliza kwa nini Mkristo, akumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapeleka masahaba wake kwa Najashi kabla mfalme yule hajasilimu, kwa kuwa alijulikana kwa uadilifu.

Sababu yangu hasa ni dada yangu. Ni muuguzi hapa Kigali. Marburg ilipotangazwa tarehe 27 Septemba 2024, alikuwa kazini. Hadi ugonjwa ulipotangazwa kumalizika mwezi Desemba, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamefariki, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Wiki zile dada alikuwa akirudi nyumbani, anaoga, anakaa chumbani peke yake. Siku moja aliniambia kwamba anasali lakini moyo haupo. Mimi ndiye msoma dini wa nyumba ile, kwa hiyo nilimjibu upesi: subiri dada, kuna malipo makubwa. Alinitazama, akaingia ndani na kufunga mlango. Aibu ya siku ile ndiyo iliyonifikisha kwa Matthew Lukwiya.

Alizaliwa mwaka 1957 huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa muuza samaki, akafa maji Matthew akiwa na miaka 12. Mama aliwalea watoto kwa biashara ndogondogo, akivuka mpaka wa Sudan kwa baiskeli na majani ya chai na kurudi na sabuni. Matthew alikuwa na akili ya darasani isiyo ya kawaida. Akasomea udaktari Makerere, na mwaka 1983 akaingia mafunzoni katika Hospitali ya Lacor karibu na mji wa Gulu, hospitali ya Kikatoliki iliyoanzishwa na wamisionari na kukuzwa na Piero Corti wa Italia na mkewe Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada. Yeye mwenyewe alikuwa Mprotestanti. Baadaye alisomea magonjwa ya watoto ya nchi za joto mjini Liverpool, akafaulu kupita wenzake. Alitakiwa abaki kufundisha, akakataa, akarudi Lacor.

Kule nyumbani kulikuwa na vita. Siku moja ya Ijumaa Kuu waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua masista wa Kiitaliano. Lukwiya akawaambia wamchukue yeye. Alikaa porini karibu wiki nzima akitembezwa na joho lake la hospitali, kisha wakamwachia. Watu wa vijijini walipokuwa wakikimbia mashambulizi ya usiku, aliwafungulia uwanja wa hospitali wakalala humo kwa maelfu.

Tarehe 7 Oktoba 2000 alikuwa Kampala akisoma shahada nyingine, ya afya ya jamii. Simu ikatoka Lacor: kuna ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wa uuguzi wanakufa. Akarudi. Usiku huo akaketi na Sista Maria Di Santo kupekua mafaili, wakapata wagonjwa 17 wenye dalili zinazofanana. Hakusubiri barua zipite ofisi moja hadi nyingine. Alipiga simu moja kwa moja kwa wakubwa wa Wizara ya Afya, na kabla majibu ya maabara hayajatoka Afrika Kusini alikuwa ameshafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa. Majibu yakatoka: Ebola. Wakati huo haikuwa na chanjo wala dawa.

Hapa ndipo hadithi yake inapomhusu dada yangu. Wauguzi wa Lacor walijikinga na bado walikufa, mmoja baada ya mwingine. Katika maziko ya mmoja wao Lukwiya alizungumza juu ya wito wa kuokoa maisha, na jinsi kuhudumu kwa upendo kunavyoifanya hatari ionekane ndogo. Maneno mazuri, yanafanana na yale niliyompa dada. Hayakutosha. Mwishoni mwa Novemba, baada ya vifo vingi kwa siku moja, wafanyakazi waligoma. Walikusanyika kwa mamia katika ukumbi wa shule ya uuguzi, wengine wakitaka hospitali ifungwe.

Lukwiya hakuwatishia kuwafukuza. Alikaa nao saa baada ya saa, akawaacha waseme hofu yao na hasira yao. Naye akasema yake: kwamba hospitali ikifungwa ataondoka Gulu asirudi tena, na kwamba siku ile ya waasi asingejisamehe kama angekaa kimya wengine wakadhurika. Mkutano ulikwenda mpaka alasiri, ukamalizika kwa kuimba. Wakarudi wodini. Mimi sikumpa dada yangu hata dakika kumi.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi nilimkumbuka Abu Ubayda ibn al-Jarrah (r.a.) katika tauni ya Amwas, mwaka 18 Hijria. Umar (r.a.) alimwandikia aondoke Sham, naye akaomba udhuru abaki na askari wake. Akafa pamoja nao. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ni kwamba aliye ndani ya nchi yenye tauni asitoke akiikimbia, na aliye nje asiingie. Lakini daktari huingia kwa kuwa ndiyo kazi yake, na mzigo wa kuingia kila asubuhi sisi tusio madaktari tunautaja kwa wepesi mno.

Kuna jambo moja katika maisha ya Lukwiya linalonisumbua. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba, siku chache kabla ya mgomo ule, muuguzi mmoja mgonjwa alikuwa akitapatapa na kutoka damu. Lukwiya aliitwa. Alivaa barakoa, joho na glavu jozi mbili, lakini hakuvaa kinga ya macho. Alikuwa na wiki sita za kazi bila mapumziko ya maana. Siwezi kumlaumu. Ila namkumbuka Salman (r.a.) alipomkuta Abu Dardaa akifunga mchana na kusimama usiku kucha, akamzuia na kumweleza kwamba nafsi na watu wa nyumbani nao wana haki zao, na Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli. Lacor ilikuwa na Abu Dardaa wengi. Salman wa kumpeleka daktari kitandani sikumwona katika habari zote nilizosoma.

Homa ilimshika siku chache baada ya mgomo. Waliomuuguza walisimulia kwamba alimwomba Mungu, kama ni kufa, basi yeye awe wa mwisho. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43, akaacha mke na watoto watano. Jioni ya siku hiyohiyo walimzika ndani ya uwanja wa hospitali, kando ya kaburi la Lucille Teasdale. Mlipuko ule uliwapata watu 425 nchini Uganda na kuua 224.

Nilimsimulia dada habari hii Jumapili moja tukinywa chai Biryogo. Hakuniuliza juu ya ushujaa wa daktari. Aliuliza wale wauguzi waliogoma na kurudi walikuwa wangapi, na kama kuna aliyewauliza baadaye wanalalaje usiku. Kisha akaanza kunisimulia Oktoba yake, kwa mara ya kwanza, na chai ikapoa. Adhana ya Alasiri ilipoadhiniwa tulikuwa bado tumekaa.