Mama Mwilu: Miaka 38 Ambayo Sikuifundisha

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya Makambako. Anayeijua Makambako anaijua kwa njia panda yake: ukishuka pale unachagua Iringa, Mbeya au Songea. Mimi kila Ijumaa jioni nilichagua ya Songea, nikapanda Coaster hadi Njombe, kama kilomita 60 hivi, kwenda kula ugali wa bibi yangu. Mwanachuo mwenzangu, hela ya mazoezi unaijua, sina haja ya kueleza.

Wiki hiyo Kidato cha Tatu tulikuwa kwenye mada ya makanisa huru ya Kiafrika. Nikasimulia habari za Simon Kimbangu wa Kongo kwa mbwembwe zote: mahubiri, uponyaji, kesi, miaka 30 gerezani. Nilipomaliza, msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akauliza kama huyo Kimbangu alikuwa na mke, na kama alikuwa naye, miaka yote hiyo 30 mke alikuwa wapi. Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, halafu kengele ikaniokoa. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Nimelitafuta tangu siku ile, na nililolipata ni hili.

Alikuwa na mke, na jina lake ni Marie Muilu Kiawanga. Waumini wa kanisa lao humwita Mama Mwilu. Alizaliwa miaka ya 1880 kule Kongo ya Chini, magharibi mwa nchi, wakati Mfalme Leopold wa Ubelgiji ndiyo kwanza ananyoosha mkono kuichukua Kongo. Yeye na mumewe walikuwa Wakongo wa kijiji cha Nkamba, na imani waliipata kwa wamisionari Wabaptisti wa Kiingereza waliokuwa na kituo Ngombe Lutete. Walibatizwa pamoja mwaka 1915, watu wazima, kwa kuzamishwa majini kama ilivyo desturi ya Wabaptisti. Walipata watoto watatu wa kiume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Mpaka hapo ni maisha ya familia yoyote ya kanisani: shamba, watoto, ibada ya Jumapili.

Tarehe 6 Aprili 1921 mambo yakabadilika. Kimbangu aliombea mwanamke mgonjwa, na habari zikaenea kwamba amepona. Watu wakaanza kumiminika Nkamba kutoka kila upande, wengine wakiacha kazi za Wazungu, mashambani na reliani. Sasa hebu fikiria nyumba inayopokea umati wa namna hiyo. Tunapohesabu miujiza tunasahau kuhesabu maji ya kunywa, kuni, na mahali pa kulaza wagonjwa.

Wabelgiji waliogopa. Kimbangu hakuhubiri vita; aliwaambia watu waache hirizi, ngoma na ndoa za wake wengi. Lakini serikali ya kikoloni haikupenda Mwafrika anayekusanya watu bila kibali chake. Sisi tunalijua hilo tangu Kinjekitile. Mwezi Juni walijaribu kumkamata akawaponyoka, na tarehe 12 Septemba akajitokeza mwenyewe Nkamba akakamatwa. Mwezi Oktoba, mahakama ya kijeshi pale Thysville ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert akabadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Elisabethville, leo Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka nyumbani, katika mji ambao watu wake wanaongea Kiswahili hiki hiki chetu kwa lafudhi yao. Alifia gerezani humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Hapo ndipo mimi niliposimama darasani. Na hapo ndipo kazi ya Mama Mwilu inapoanza.

Piga hesabu na mimi. Huduma ya Kimbangu, kuanzia Aprili hadi alipokamatwa Septemba, ni miezi 5. Kuanzia siku hiyo mpaka mkewe anafariki ni karibu miaka 38. Kanisa la miezi 5 lililopigwa marufuku, kiongozi wake hayupo, wafuasi wake wanakamatwa na kuhamishiwa mikoa ya mbali pamoja na familia zao. Kwa kawaida kitu kama hicho hufa. Hakikufa, na sababu mojawapo kubwa ni mwanamke aliyebaki nyumbani.

Serikali ilimchukua mtoto wake mkubwa, Kisolokele, ikampeleka kulelewa katika shule ya koloni huko Boma. Yeye akabaki chini ya macho ya askari. Kwa nje alikuwa mama wa kijijini anayelima na kulea. Kwa ndani, ndiye waumini waliyemfuata kwa siri kuombewa na kutiwa moyo, na ndiye aliyeshikilia uongozi. Hakuwa na ofisi wala mhuri. Cha ajabu, kule kutawanywa kulisaidia: kila familia iliyohamishwa iliondoka na imani yake, ikaipanda ilikofika. Lakini waliotawanyika wanahitaji mahali pa kukumbuka, na mahali hapo palikuwa kwake.

Watoto walikua. Wawili walipata kazi katika serikali ile ile iliyomfunga baba yao. Katika miaka ya 1950 wana wa Mama Mwilu, mdogo wao Diangienda akiwa mbele, walianza kulitoa kanisa hadharani. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Tarehe 24 Desemba mwaka huo huo serikali ikalitambua kanisa kisheria. Alipungukiwa miezi 8 tu. Mwaka 1960 mwili wa mumewe ukarudishwa Nkamba, na mwaka 1969 kanisa hilo likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Jumapili moja nilimsimulia bibi haya yote tukielekea ibadani. Njombe ilikuwa na ule ukungu wake wa Juni, kitenge juu ya sweta. Bibi ni Mbaptisti, naye alizamishwa mtoni akiwa mtu mzima, na maji ya Njombe mnayajua. Wachungaji wamekuja na kuhama, lakini ufunguo wa kanisa uko kwenye pindo la kitenge chake miaka yote. Anawahi, anafungua, anafagia, anapanga viti, kisha anakaa benchi la tatu. Siku kanisa litakapoandika historia yake, wachungaji wote watatajwa kwa majina na miaka yao. Bibi atatajwa kwenye mstari mmoja wa shukrani kwa akina mama.

Alinisikiliza hadi mlangoni. Akafungua kufuli, akanipa ufagio.

Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kuandaa somo lenye malengo, lakini swali la yule binti halikuwa kwenye andalio langu. Nilidhani ni la utani kumbe ndilo lilikuwa somo lenyewe. Ukifundisha miezi 5 ukaruka miaka 38, mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba mambo makubwa huendelea yenyewe baada ya mwanaume kuondoka.

Jumatatu nilirudi Makambako. Kipindi cha kwanza, kabla ya mada mpya, niliandika ubaoni majina mawili: Simon Kimbangu, 5, Marie Mwilu, 38. Nikamwomba yule binti wa nyuma aje mbele awaeleze wenzake hizo namba zina maana gani. Safari hii hakuna aliyecheka.