Agostino, Mwalimu Mwenye Kichwa Kigumu

Wengi tunalijua jina la Agostino kwa sababu ya chuo kilichoko Mwanza. Mwenyewe alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa kusali kwelikweli. Kijana alikuwa mwepesi darasani, ila kwa mambo ya imani hakuambilika.

Alipokwenda Karthago kusoma, akaanza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume. Biblia aliifungua akaidharau, maana lugha yake aliiona ya kawaida mno ukilinganisha na Cicero. Akajiunga na Wamanikayo, akakaa nao miaka kama tisa. Ilifika mahali Monika hakutaka hata kula naye meza moja.

Sisi tunaosomea ualimu tutamwonea huruma kidogo. Wanafunzi wa Karthago walikuwa wakorofi, wanavamia vipindi wanavyotaka. Mwaka 383 akahamia Roma, na ili mama asimfuate akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki, kumbe usiku ule anapanda meli. Roma wanafunzi walikuwa wapole, lakini siku ya ada ikikaribia wanahamia kwa mwalimu mwingine. (Ujanja huu kumbe ni wa zamani!)

Mwaka 384 akapata kazi Milano. Akawa anakwenda kumsikiliza Askofu Ambrosi ili asikie tu jinsi anavyopanga maneno. Taratibu yaliyomo nayo yakamwingia, hadi ikafika siku hana tena hoja ya kupinga, na bado hakubadilika. Alikuwa anaomba asafishwe, huku moyoni anaomba isiwe leo.

Hapo ananigusa mimi. Nimewahi kumaliza semista nzima bila kumsalimia mwenzangu wa chumba, na kila Jumapili niko mbele naimba kwaya. Nilijua nimekosa. Kwenda kumwambia ndiyo ilikuwa kazi.

Kuna jambo simtetei. Yule mama wa mtoto wake, baada ya miaka kama kumi na mitano, alirudishwa Afrika ili Agostino aoe binti wa familia inayofaa. Jina lake hakuliandika popote. Na kabla ya ndoa hiyo, ambayo haikufungwa, akachukua mwanamke mwingine.

Mwaka 386 akiwa bustanini, analia kwa kujichoka mwenyewe, akasikia sauti kama ya mtoto ikimwambia achukue asome. Akafungua waraka wa Paulo kwa Warumi, na hakuhitaji kusoma mistari mingi. Akaacha kazi. Pasaka ya 387 Ambrosi akambatiza pamoja na mwanawe, na mwaka huohuo Monika akafariki.

Huko Hippo alipewa upadri mwaka 391 bila kuutaka, baadaye uaskofu. Lakini kinachonishangaza zaidi ni uzee wake. Akiwa na zaidi ya miaka sabini, jina limeshakuwa kubwa, alikaa chini kupitia vitabu vyake kimoja kimoja akiandika wapi alikosea. Ni maprofesa wangapi wangefanya hivyo?

Alifariki Agosti 430, Wavandali wameuzingira mji. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, akawa anazisoma kitandani, peke yake, analia.