Habari za Louis wa Tisa, Mfalme wa Ufaransa

Wengi wakitajiwa Mfalme Louis wa Tisa hukumbuka vita vyake viwili vya msalaba, navyo vyote viwili havikufaulu. Sisi tunataka kueleza kazi yake nyingine, ambayo kwa hesabu yetu yazidi vita: jinsi alivyowapelekea haki watu wa vijijini waliokuwa hawana njia ya kuifikia.

Alizaliwa huko Poissy, karibu na Paris, mwaka 1214. Baba yake alipofariki mwaka 1226 yeye alikuwa mtoto wa miaka 12 tu, basi mama yake, Blanche wa Castile, akaishika nchi kwa ajili yake, akamlea kwa ukali na kwa sala.

Nchi ile ilikuwa kubwa kuliko mkono wa mfalme. Waliotawala kwa kweli ni maliwali wake katika majimbo, na chini yao wasimamizi wadogo, ambao wengi walipata kazi zao kwa kuzinunua. Mtu aliyenunua kazi hutaka kurudishiwa fedha yake, naye huirudisha kwa kuwakamua walio chini. Ng'ombe wa mtu alikamatwa, farasi wake alichukuliwa, au mwenyewe alifungwa mpaka alipe. Wala hapakuwa pa kushtaki, kwa kuwa msimamizi yule yule ndiye aliyedai na ndiye aliyeamua. Paris ilikuwa mbali. Mjane wa shambani angefikaje huko, na angefika, nani angemfungulia mlango?

Basi mwaka 1247, alipokuwa akijiandaa kwenda vitani, Louis aliogopa kuondoka huku ana deni la dhuluma rohoni mwake. Akatuma watu waizunguke nchi, wengi wao watawa wa Fransisko na wa Dominiko, waliokuwa wameweka nadhiri ya umaskini. Tazameni alivyochagua kwa akili: hao hawakuwa na shamba la kuongeza, wala watoto wa kuwatafutia urithi. Waliagizwa wawaulize watu kama wamedhulumiwa na watumishi wa mfalme, au na mfalme mwenyewe, hata na wazee wake waliomtangulia. Kila shtaka likaandikwa kwenye ngozi, na nyingi za ngozi hizo zingaliko hata leo. Mashtaka mengi ni ya vitu vidogo, faini ya hila au mnyama aliyenyang'anywa, na wanawake ni wengi miongoni mwa waliosema. Lakini kitu kidogo cha maskini ndicho mali yake yote. Baadhi walirudishiwa haki zao, na watumishi kadhaa wakaondolewa kazini.

Louis alisafiri mwaka 1248, akatekwa Misri mwaka 1250, akakombolewa kwa fedha nyingi, akarudi kwao mwaka 1254. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alitoa amri kubwa. Maliwali wote waape kumhukumu tajiri na maskini sawasawa. Wasipokee zawadi, isipokuwa chakula au kinywaji kidogo. Wasinunue ardhi katika jimbo wanalolitawala. Na mtu akiisha kuondolewa kazini, asiende zake mara moja, bali akae kwanza pale pale siku zilizowekwa, ili aliye na neno juu yake apate kulisema. Kwetu sisi sharti hili la mwisho ndilo bora kuliko yote.

Rafiki yake Jean de Joinville, aliyeandika habari zake katika uzee, asimulia kwamba wakati wa kiangazi, baada ya misa, mfalme alizoea kwenda msitu wa Vincennes, akaketi na kuegemea mti wa mwaloni. Mwenye shauri alimwendea bila kuzuiwa na bawabu. Sisi tuliokua tukiona wazee wakiamua mashauri chini ya mti hatushangazwi na mti. Twashangazwa kwamba bawabu hakuwapo.

Wakubwa nao hawakupona. Bwana Enguerrand wa Coucy aliwanyonga vijana watatu kwa kuwinda msituni mwake. Mfalme akamtia gerezani, akakataa shauri liamuliwe kwa kupigana, akamtoza faini nzito, ingawa mabwana wengi walimwombea. Tena kulikuwa na askari mmoja wa cheo aliyeshindana na Charles wa Anjou, ndugu wa mfalme, kwa ajili ya ngome. Charles akamfunga kwa sababu alikata rufani. Mfalme akaamuru afunguliwe, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumsemea, mfalme mwenyewe akampa washauri. Yule askari akashinda.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Katika miaka ya 1240 vitabu vya Talmud vya Wayahudi viliteketezwa Paris kwa ruhusa yake, na mwaka 1269 aliwalazimisha Wayahudi kuvaa alama nguoni. Aliyefungua mlango kwa mkulima aliufunga kwa hao. Wala dhuluma ya watumishi haikukoma: Joinville alipoitwa kwenda katika vita vya pili alikataa, akisema kwamba alipokuwa mbali mara ya kwanza watu wake waliharibiwa na askari wa mfalme.

Louis alifariki karibu na Tunis tarehe 25 Agosti 1270, kwa ugonjwa uliopiga kambi yake. Wajumbe wa kuzunguka nchi waliendelea baada yake, lakini chini ya mjukuu wake, Philip wa Nne, kazi yao iligeuka: badala ya kurudisha fedha kwa watu, walitumwa kukusanya faini kwa hazina ya mfalme. Hata mwaka 1314 watu wa majimbo walipomwasi Philip kwa ajili ya kodi, walidai warudishiwe desturi za siku za Louis.