Suzanne Lenglen: Mcheza Kwao Asiyetuzwa

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Maisha ya Suzanne Lenglen, bingwa wa tenisi kutoka Ufaransa, yanaitia methali hii katika mizani. Alicheza kwao akashangiliwa, akacheza ugenini akashangiliwa vilevile. Lakini kwa miaka mingi waliovuna fedha kutokana na mchezo wake walikuwa watu wengine.

Lenglen alizaliwa jijini Paris tarehe 24 Mei, 1899. Utotoni alikuwa dhaifu wa mwili, na ni kwa kutaka kumpa siha ndipo babake, Charles Lenglen, alipomnunulia raketi mwaka wa 1910. Charles hakuwa bingwa wa tenisi, ila alikuwa mwalimu mkali. Alitandaza leso uwanjani na kumtaka bintiye ailenge kwa mpira. Kadiri binti alivyozidi kulenga barabara, ndivyo leso ilivyozidi kukunjwa. Samaki huyu alikunjwa angali mbichi. Mnamo 1914, akiwa na umri wa miaka 15 tu, alitwaa ubingwa wa dunia wa viwanja vya udongo karibu na Paris. Miezi michache baadaye vita vikuu vilizuka, na mashindano makubwa yakasimama.

Amani iliporejea, Lenglen alielekea Wimbledon, Uingereza, mwaka wa 1919. Katika fainali alikutana na Dorothea Lambert Chambers, Mwingereza wa miaka 40 aliyekwisha kulinyakua taji hilo mara saba. Mara mbili Lambert Chambers alibakisha pointi moja tu ashinde, na mara mbili Lenglen akaponea chupuchupu. Hatimaye Mfaransa huyo alishinda kwa 10-8, 4-6, 9-7. Tangu hapo alitwaa taji la Wimbledon kila mwaka hadi 1923, kisha tena mwaka wa 1925. Aidha, katika Michezo ya Olimpiki ya Antwerp mwaka wa 1920, alijinyakulia dhahabu mbili na shaba moja.

Umaarufu wake haukutokana na ushindi pekee. Wakati ambapo wanawake wengi walicheza wakiwa wamejifunga koseti na kuvaa marinda marefu, yeye aliingia uwanjani na gauni jepesi lisilofika kwenye vifundo vya miguu, mikono yake ikiwa wazi. Aliruka na kunyumbuka kama mcheza ngoma. Wapo waliokasirika, lakini wengi zaidi walipanga foleni kununua tiketi.

Hata hivyo, mlango wa tiketi haukuwa wake. Kanuni za tenisi za wakati huo ziliwataka mabingwa wawe wachezaji wa ridhaa, yaani wasiopokea malipo. Aliyecheza kwa ujira alifungiwa nje ya mashindano makuu. Mnamo Februari 1926, mjini Cannes, Lenglen alimshinda Mmarekani Helen Wills kwa 6-3, 8-6 mbele ya umati uliofurika. Miezi michache baadaye, huko Wimbledon, mvutano kuhusu ratiba ulimfanya achelewe kufika uwanjani huku Malkia Mary akimsubiri. Lawama zilimwandama, naye akajiondoa mashindanoni.

Mwaka huohuo alivunja mwiko: alitia saini mkataba na mwandalizi Mmarekani, Charles C. Pyle, wa kucheza kwa malipo. Alijitetea kwa hoja nzito. Alishikilia kwamba jasho lake lilikuwa limewatajirisha wengine ilhali yeye hakupata kitu, na kwamba kanuni za ridhaa ziliwafaa matajiri, kwani maskini hawezi kuishi kwa makofi ya watazamaji. Huko Amerika Kaskazini alikabiliana na Mary K. Browne mara 38, akashinda mara zote. Milango ya Wimbledon ikafungwa asiweze kurudi. Baadaye alifungua shule ya tenisi jijini Paris, akawarithisha vijana ujuzi wake.

Lenglen aliaga dunia jijini Paris tarehe 4 Julai, 1938, akiwa na umri wa miaka 39. Miaka 30 baadaye, mnamo 1968, mashindano makuu yalianza kuwapokea wachezaji wa kulipwa, na zawadi za fedha zikatolewa hadharani kwa jambo lilelile alilolaumiwa kwalo. Siku hizi kombe la bingwa wa wanawake katika uwanja wa Roland Garros, Paris, lina jina lake, na mojawapo ya viwanja vya hapo huitwa Suzanne Lenglen. Naam, mcheza kwao alituzwa, ila tuzo ilimfikia akiwa kaburini. Waliofaidika na ujasiri wake ni mabinti waliomfuata, ambao hawakulazimika kuchagua kati ya taji na riziki.