Maisha ya Wilhelm Röntgen, aliyeona mifupa ya mtu aliye hai

Kila mmoja wetu aliyevunjika mkono ao aliyekohoa siku nyingi anajua radio ya hospitali. Mara hii tunawaletea maisha ya yule aliyeianzisha.

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa tarehe 27 mwezi wa tatu 1845 kule Lennep, Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya nguo, mama yake mtu wa Uholanzi. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi wakahamia Uholanzi, na ni huko alisoma.

Masomo hayakuenda vizuri. Kule Utrecht mwenzake mmoja alichora picha ya kuchekesha ya mwalimu. Wakubwa wa masomo wakamwuliza Röntgen ni nani aliyechora. Akakataa kutaja jina. Basi wakamfukuza yeye, na diploma ya sekondari hakuipata kamwe. (Kama alifanya vizuri ao vibaya, mkajibishane wenyewe kule bwenini.)

Mwaka wa 1865 shule kubwa ya Zürich, Uswisi, ikamkubali bila ile diploma. Alitoka injeniere 1868, na mwaka uliofuata akapata udokta. Lakini karatasi ile ilizidi kumfuata: chuo kikuu cha Würzburg kilimkatalia ruhusa ya kufundisha sababu ya masomo yake ya zamani. Mwaka wa 1888 chuo kilekile kikamwita awe profesa wake wa fizika!

Jioni ya tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 1895 alikuwa peke yake katika laboratwari. Alipitisha umeme ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa, akiisha kuifunika na karatasi nyeusi ngumu ili mwanga usitoke. Giza tupu. Lakini pembeni kulikuwa karatasi iliyopakwa dawa, nayo ikaanza kung'aa. Akaweka kitabu katikati: ikang'aa vilevile. Akaweka ubao: vilevile. Madini ya risasi ndiyo yaliyozuia. Tena akaona kivuli cha mifupa ya mkono wake mwenyewe. Karibu juma saba alijifungia kazini. Kwa kuwa hakujua mionzi ile ni kitu gani, akaiita X, kama tunavyofanya katika algebra.

Tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili alimwita mke wake, Bertha, akaweka mkono wake juu ya kioo cha picha dakika 15. Mifupa ya vidole ikatokea, na pete imezunguka mfupa. Inasimuliwa kwamba mama huyo alishikwa na hofu, kama ameona kifo chake.

Mbele ya hapo, mganga aliyetafuta risasi ya bunduki mwilini alipapasa na vidole ao kisu. Sasa aliweza kuona kwanza. Röntgen angeweza kuwa tajiri, lakini hakutaka kuandikisha kazi yake kama mali yake. Kila mtu aliachiwa kuitumia bure. Mwaka wa 1901 alipewa zawadi ya kwanza kabisa ya Nobel ya fizika, na feza zake akaziachia chuo cha Würzburg. Kiisha vita bei za vitu zikapanda sana Ujerumani, akiba yake ikayeyuka. Alikufa München tarehe 10 mwezi wa pili 1923, kwa kansa ya matumbo.

Radio yake ilikuwa na upungufu mmoja. Shika kurasa kumi mbele ya taa: maandishi yote yanachanganyika. Ni vile picha inalaza viungo juu ya viungo, na ubongo unafichwa na fuvu. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza mwaka wa 1956 kule Cape Town kutafuta hesabu ya kuunganisha vipimo vya pande nyingi. Mwingereza Godfrey Hounsfield, bila kujua kazi yake, akatengeneza mashini yenyewe: skanera. Tarehe 1 mwezi wa kumi 1971, London, mgonjwa wa kwanza, mwanamke, alionekana uvimbe ndani ya ubongo, fuvu halijaguswa. Wote wawili walipewa Nobel 1979.

Wakati ule kipande kimoja cha kichwa kilidai dakika kadhaa. Siku hizi skanera inapita kifua kizima kwa sekunde chache, mgonjwa akizuia pumzi mara moja tu. Lakini mionzi yake ni mingi kuliko ya radio ya kawaida, kwa hiyo mganga haiagizi bila sababu.