Hammarskjöld: nani aliangusha ile ndege ya Ndola?

Wazee wetu wa Katanga wangali wanabishana juu ya kifo cha huyu muzungu. Basi tuanze na maisha yake.

Dag Hammarskjöld alizaliwa Uswidi mwaka 1905. Baba yake alikuwa waziri wa kwanza wa ile inchi. Mutoto akasoma mambo ya feza, akafanya kazi ya serikali, hakuoa. Mu 1953 wakamuchagua Katibu Mukuu wa ONU. Inchi kubwa zilifikiri ni karani wa kukaa kimya. Zilijidanganya.

Kisha ikaja Congo. Katanga ya Tshombe ilijitenga mu Julai 1960, na kodi ya Union Minière, jasho la baba zetu, ikalipa askari wa kukodiwa. Septemba 1961 vita vikawaka hapa Élisabethville kati yao na askari wa ONU. Hammarskjöld akaenda kukutana na Tshombe Ndola, ng'ambo ya mupaka, mu Rodezia ya Kaskazini, ili bunduki zinyamaze. Usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba ndege yake DC-6 ikapita juu ya Ndola, ikaanguka mu pori. Batu 16 walikuwa ndani. Mumoja tu alitoka muzima, mulinzi Harold Julien, naye akakufa kisha siku chache.

Maneno yakaanza. Wengine wanasema walinzi walipigwa risasi, kwa sababu risasi zilikutwa mu miili. Lakini wenye kuzichunguza walisema hazikupita mu mudomo wa bunduki, zililipuka kwa moto. Kuko na barua za Afrika ya Kusini juu ya mupango wa siri wa kumuua, zilitangazwa mu 1998. Ni kopi tu, za kwanza hazikuonekana. Miye siwezi kujenga nyumba juu ya hayo.

Lakini wachoma makala wa lile pori? Hao walisema waliona ndege ya pili, ndogo, na mwanga mu mbingu. Ankete ya Rodezia ikawatupa, ikasema rubani alikosea. Rubani amekufa, atajitetea namna gani? Sisi watu wa sendika tunajua huu wimbo: shimo likiporomoka, kosa ni la mufanyakazi, na wale waliokuwa chini hawaulizwi. Tena ndege ilianguka karibu kilometa 15 tu toka uwanja, lakini wakubwa waliifikia kisha masaa 15. ONU yenyewe mu 1962 haikukubali kumulaumu rubani, wala kusema ni mauaji.

Mu 2015 ONU ikarudilia kazi, na jaji mukuu wa zamani wa Tanzania, Mohamed Chande Othman, akapewa kuiongoza. Ushuhuda wa wachoma makala akaupa uzito. Mu 2017 akaandika kwamba shambulio la inje linawezekana, ijapokuwa halijahakikishwa. Akaomba Uingereza, Marekani na Afrika ya Kusini wafungue makaratasi yao ya siri. Hawajafungua yote.