Masinde Muliro: Kura iliyozidi hotuba

MASINDE Muliro alisifika kwa ufasaha wa hotuba. Hata hivyo, funzo kubwa aliloachia wakazi wa Bungoma na Kitale lilitokana na kura moja aliyopiga bungeni mwaka wa 1975.

Alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Matili, Kimilili. Alisomea Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, wakati ambapo utawala wa makaburu ulikuwa ukikaza sheria za ubaguzi wa rangi. Aliporejea nyumbani alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1957 alimbwaga W.W.W. Awori na kuwa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria.

Katika chama cha Kadu, kilichoasisiwa mwaka wa 1960, alikuwa naibu wa Ronald Ngala na mtetezi wa mfumo wa majimbo. Mipaka ilipochorwa, Bungoma iliwekwa Magharibi na Trans Nzoia ikaachwa Bonde la Ufa. Muliro alidai Kitale iwe Magharibi, lakini hakufaulu. Baadaye alikuwa mbunge wa Kitale Mashariki na waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta.

Mnamo Machi 1975, mbunge J.M. Kariuki aliuawa. Kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo iliongozwa na Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Ripoti ilipofikishwa bungeni mwezi Juni, serikali iliipinga. Muliro, akijua fika kwamba waziri hutarajiwa kusimama na serikali yake, aliiunga mkono. Alifutwa kazi pamoja na manaibu waziri John Keen na Peter Kibisu.

Alipoteza bendera ya gari, lakini maneno yake yakapata uzito mpya. Mwaka wa 1991, aliposimama na Jaramogi Oginga Odinga na wenzao kuasisi Ford na kudai vyama vingi, wananchi walimjua kama mtu aliyewahi kulipia msimamo wake.

Alifariki ghafla Agosti 14, 1992, katika uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London. Miezi michache baadaye, Ford ilikwenda uchaguzini ikiwa imegawanyika.

Leo jina lake limo katika chuo kikuu mjini Kakamega na uwanja wa michezo wa Kanduyi, Bungoma. Wanaopanda majukwaani humo wangekumbuka kwamba muungwana ni kitendo.